Ngeli za Nomino na Aina za Data: Kuisafisha Hatua kwa Hatua Programu ya Kuchambulia Matini ya Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi programu ndogo ya tarakilishi, iliyoandikwa kwa lugha ya Python kwa ajili ya kuchambua matini ya Kiswahili, inavyoweza kurekebishwa kidogo kidogo hadi ikawa na muundo ulio wazi na aina za data zilizotajwa bayana, pasipo kuivunja wala kuiandika upya. Yamkini mwanaisimu atauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa sababu takwimu zinazonukuliwa siku hizi katika tasnifu za isimu ya Kiswahili, kama vile idadi ya nomino za kila ngeli katika gazeti fulani, aghalabu hutoka katika programu za namna hii. Programu ikikosea kimyakimya, kosa lake huingia katika tasnifu likiwa limevaa joho la hesabu, na ni wasomaji wachache wanaothubutu kuuliza lilikotoka.

Uchambuzi wa Kiswahili kwa tarakilishi si jambo geni. Mnamo 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la SALAMA, akijenga juu ya nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka wa 1983. Mwaka wa 2006 Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha utafiti juu ya kuifunza mashine kutambua aina za maneno ya Kiswahili kutokana na matini iliyokwisha kutiwa alama. Na mwaka wa 2022 ulitolewa mkusanyiko uitwao Kencorpus, wa Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, uliofanywa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene.

Nyuma ya kazi kubwa kama hizo, na nyuma ya nyingi nyingine zisizokuwa na jina, kuna programu ndogo ndogo ambazo hazisifiwi na mtu. Mwanafunzi wa uzamili huandika yake usiku, katika chumba cha kupanga Kangemi au Kileleshwa, ili ahesabu viambishi vya sura moja ya tasnifu. Mwaka unaofuata humpa mwenzake. Mwenzake huongeza mistari thelathini na kumpa wa tatu. Walimu wa Kiswahili wako katika bewa kuu, katikati ya jiji. Wale wa taaluma ya tarakilishi wako Chiromo, ng'ambo ya mzunguko wa Museum Hill kuelekea Westlands. Masafa hayo hutembewa kwa miguu, lakini programu hizi mara nyingi huishi na kufa upande mmoja wa barabara bila ya kuonekana na upande wa pili.

Chukuliwe programu ya mfano. Mtumiaji huandika amri moja katika terminali, akitaja jina la faili ya matini, naye hupata jedwali la ngeli na idadi ya nomino zake. Programu yote imo katika faili moja. Kusoma amri, kufungua matini, kukata maneno, kutafuta ngeli na kuchapa jedwali vimefumwa pamoja kama ukili. (Msimbo, ndilo neno litumikalo hapa kwa maandishi ya programu. Wengi mjini husema ‘kodi’, neno ambalo tayari limeelemewa na serikali na wenye nyumba.)

Katika Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, kila thamani ina aina yake: namba ni namba, maandishi ni maandishi. Jina, hata hivyo, halifungwi na aina yoyote. Jina lililobeba namba asubuhi laweza kubeba maandishi jioni. Uhuru huu ndio uliowapendeza watu wasiokuwa mafundi wa tarakilishi, nao ndio uletao madhara yafuatayo. Tuseme ngeli ya tisa, kwa hesabu ya Bleek na Meinhof, imeandikwa mahali pamoja kama namba 9, na mahali pengine, kwa kuwa ilisomwa kutoka katika faili, kama maandishi “9”. Kwa msomaji hivi ni kitu kimoja. Kwa Python ni vitu viwili, na nomino za ngeli hiyo zitahesabiwa katika mistari miwili tofauti ya jedwali. Jedwali likipangwa kimaandishi, ngeli ya 10 hutangulia ya 2. Katika Python ya zamani, ile ya toleo la pili ambayo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, namba na maandishi viliweza hata kupangwa pamoja bila ya mashine kunung'unika.

Hali hii yafanana na jambo linalosikika kila siku katika mitaa ya Nairobi. Mtu akisema ‘kitabu yangu imepotea’, mawasiliano hayakatiki. Anayeambiwa hutafuta kitabu. Hili halisemwi kwa kukidharau Kiswahili cha Nairobi, ambacho kina kanuni zake. Lakini katika sentensi ndefu yenye nomino tatu, upatanisho wa kisarufi ndio umwonyeshao msikilizaji kipi kimepotea na kipi kimepatikana, na ukiondolewa hubaki kubahatisha. Aina zinazotajwa katika msimbo hufanya kazi kama ya viambishi vya upatanisho: hurudia habari ambayo mwandishi anadhani anaijua, ili kutopatana kuonekane. Wanasarufi hueleza kwamba neno ‘ngeli’ lenyewe limetoka katika Kihaya, nako lina maana ya aina.

Nadharia ya kutaja aina hatua kwa hatua ilitolewa na Jeremy Siek na Walid Taha mwaka wa 2006. Iliingizwa rasmi katika Python kwa toleo la 3.5, Septemba 2015, kwa pendekezo la Guido van Rossum, Jukka Lehtosalo na Łukasz Langa. Lehtosalo ndiye aliyekuwa ameanzisha mypy, programu inayosoma msimbo kabla haujaendeshwa na kuonyesha mahali aina zisipopatana. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba kutaja aina ni hiari. Python yenyewe haizitazami inapoendesha programu, na mypy, isipoagizwa vingine, hupita kando ya mwili wa funksheni ambayo haikutajwa aina. Kwa hiyo programu ya zamani inaweza kutiwa aina funksheni moja leo na nyingine mwezi ujao, na katikati yake ikaendelea kutumika.

Kabla ya kugusa hata mstari mmoja, hapana budi tabia ya sasa ya programu ihifadhiwe. Huchukuliwa matini chache, kama vile habari mbili tatu za Taifa Leo, sura ya riwaya na mahojiano yaliyonukuliwa, programu ikaendeshwa juu yake, na majedwali yakawekwa. Baada ya kila badiliko programu huendeshwa tena na matokeo kulinganishwa na yale ya awali. Majedwali hayo yana makosa, bila shaka, nayo yaachwe na makosa yake. Anayesafisha muundo na kusahihisha hesabu kwa mkupuo mmoja hawezi kujua ni lipi kati ya mawili lililobadilisha jedwali. Ndipo hufuata kazi ya kutenga: yanayohusu amri ya terminali yakae mbali na yanayohusu lugha, ili funksheni ya kutafuta ngeli iweze kujaribiwa kwa neno moja bila ya kufungua faili yoyote. Hii ni kazi ya mchana mmoja, wala haihitaji maelezo zaidi.

Utajiri uko katika kutaja aina. Anayeanza huandika, kwa kudhania:

def tafuta_ngeli(neno: str) -> int:

yaani, ukiipa funksheni neno, itakurudishia namba ya ngeli. Mypy hukataa papo hapo, kwa kuwa mwishoni mwa funksheni hiyo, neno lisipopatikana katika orodha, hurudishwa None, jina litumiwalo katika Python kwa kitu kisichokuwapo. Mwandishi wa kwanza hakulifikiria hili. Programu yake, ikikutana na neno isilolijua, haikusimama. Ililichapa katika jedwali chini ya ngeli iitwayo “None”, na mwenye kunakili alifuta mstari huo kwa mkono akidhani ni takataka, au vibaya zaidi, aliuacha uhesabiwe katika jumla ambayo asilimia zote ziligawanywa kwayo.

La pili ni zito kuliko hilo. Orodha ya nomino imehifadhiwa katika muundo ambao Python huuita kamusi, na aina yake inapotajwa husomeka hivi: kila neno lina ngeli moja. Mwanaisimu akilisoma tamko hilo kwa sauti atalikataa bila ya msaada wa mashine. Tazama:

(1) Kiboko yule mkubwa amelala.
(2) Kiboko kile kikubwa kimevunjika.

Sentensi zote mbili ni sahihi. Katika (1) kiboko ni mnyama wa majini, katika (2) ni cha kuchapia. Vivyo hivyo ‘ndege huyu’ na ‘ndege hii’. Umbo ni moja, maana ni mbili, na upatanisho ni wa namna mbili. Isitoshe, kiboko wa (1) ana kiambishi cha ngeli ya 7 kwa umbo lakini huleta upatanisho wa ngeli ya 1. Tena walimu wa shule za Kenya, wanaofuata ngeli za upatanisho kama A-WA na KI-VI, watamweka katika A-WA bila ya kusita, ilhali mfuasi wa Meinhof atataka kujua kwanza anaulizwa juu ya umbo au juu ya upatanisho. Programu ilikuwa imekwisha kulijibu swali hilo la kinadharia. Ilijibu kwa bahati, kwa kuwa katika faili ya orodha mstari wa mwisho hufuta wa kwanza, na ‘kiboko’ ya kuchapia iliandikwa baadaye.

Rekebisho lake lapasa kuwa la kisarufi kabla ya kuwa la kifundi. Huundwa aina mpya, iitwe Maana, yenye sehemu tatu: umbo la neno, ngeli ya kiambishi, na ngeli ya upatanisho. Tangu toleo la 3.7 la mwaka wa 2018, Python ina njia fupi ya kuunda aina za namna hiyo. Ngeli zenyewe hazibaki namba wala maandishi, bali huorodheshwa zote mara moja, ili “9” na 9 zisiweze tena kuwa vitu viwili. Funksheni nayo huwa:

def tafuta_maana(neno: str) -> list[Maana]:

Hurudisha orodha, ambayo yaweza kuwa tupu, kuwa na maana moja au kuwa na kadhaa. Kuanzia hapo mypy humlazimisha kila anayeitumia aamue la kufanya zikiwa mbili: atazame kitenzi kinachofuata, au ahesabu nomino hiyo kuwa tata na kuiweka mstari wake wenyewe. Uamuzi waweza kuwa mbaya, lakini sasa umeandikwa mahali unapoonekana na kupingwa.

Yako makosa ambayo aina za kawaida hazitayashika. Kubwa kwa Kiswahili ni ritifaa. Njia iliyozoeleka ya kukata maneno katika Python huchukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno, iwe imenyooka kama katika mashine ya chapa au imepinda kama wanavyoiandika wapiga chapa. Kwa hiyo Lang'ata huwa ‘Lang’ na ‘ata’, Barabara ya Murang'a hupata mtaa uitwao ‘Murang’, na habari ya daktari wa meno anayeng'oa, kwa kuwa neno hilo hukatwa kabla ya ‘oa’, huhesabiwa katika mambo ya ndoa. Mtu aweza kuandika funksheni ya kuisawazisha ritifaa, lakini matini ghafi na matini iliyosawazishwa zote ni maandishi, na mypy haioni tofauti. Dawa ni kuzipa majina mawili ya aina, MatiniGhafi na MatiniSafi, na kutamka kwamba funksheni ya kukata hupokea ya pili pekee. Data haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni kwamba aliyesahau kusawazisha huambiwa kabla ya kuhesabu. Njia hii haitumiwi sana, nayo yastahili kutumiwa zaidi na watu wa lugha kuliko kutafuta ukamilifu wa kila mstari.

Ukamilifu huo una gharama yake. Iko aina iitwayo Any, ipatanayo na kila kitu, ambayo hunyamazisha mypy popote inapowekwa. Wakali huipiga marufuku. Katika sehemu ya kuchapa jedwali, ambayo kosa lake huonekana kwa macho, haina madhara makubwa. Katika kamusi ya nomino ni sawa na kutokuwa na kamusi. Mipangilio ya mypy huruhusu ukali uongezwe moduli kwa moduli, na inafaa uanzie kwenye moduli za lugha.

Mwisho huja zamu ya yale majedwali yaliyohifadhiwa. Ritifaa inaposahihishwa na ngeli ya tisa kuunganishwa, matokeo mapya hayatalingana na ya zamani, na safari hii kutolingana ndiko kunakotakiwa. Kila tofauti hukaguliwa kwa mkono dhidi ya matini, kisha jedwali jipya hushika nafasi ya la zamani na programu hupewa namba mpya ya toleo. Tasnifu zilizotumia toleo la awali bado ziko katika rafu za maktaba, na nyingi hazikutaja ni toleo lipi.