Majani ya Dawa: Bei Iko Kwenye Kiini, Si Kwenye Gunia

Kuanzia Magomeni Mapipa hadi mitaa ya Kariakoo, mwarobaini, mlonge na mizizi ya kila aina huuzwa kwa fungu au kwa kijiko cha unga. Mnunuzi hutazama rangi, hunusa, kisha hulipa. Viwanda vya dawa havinunui hivyo. Hulipia kiini kilichomo ndani ya jani, na asiyelijua hilo huweza kupoteza mtaji.

Mfano ulio wazi ni artemisia, mmea wa jamii ya pakanga wenye asili ya China. Mwaka 1972 watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou walitoa kwenye majani yake artemisinini, kiini kinachoua vimelea vya malaria. Nguvu yake imo katika atomu mbili za oksijeni zilizoshikana: zikikutana na madini ya chuma ndani ya kimelea, huachana na kukiangamiza.

Soko lilifunguka mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza dawa mseto. Tanzania nayo iliachana na SP na kuingia kwenye ALu mwishoni mwa 2006. Mahitaji yalipopanda ghafla, bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda walipanda, China na Vietnam wakapanda zaidi. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi takriban dola 200.

Hesabu yake ni hii. Tani moja ya majani makavu yenye kiini asilimia 1 haiwezi kutoa zaidi ya kilo 10. Kwa bei ya kilele hizo ni dola 10,000. Baada ya anguko, dola 2,000. Majani ya asilimia 0.4 hutoa kilo 4 tu, ingawa gunia lina uzito uleule na jasho la mkulima ni lilelile.

Ushindani mwingine ulitoka maabara. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza artemisinini nchini Italia kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Hata hivyo, bei ya majani iliposhuka, hamira ikaonekana ghali, na kiwanda hicho kikauzwa 2016.

Wauzaji wa rejareja nao wana la kuzingatia. WHO haipendekezi chai wala unga wa artemisia kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha kiini hubadilika na hakiyeyuki vizuri katika maji. Mgonjwa anayepata dozi pungufu hubaki na vimelea, na vimelea huzoea dawa.

Kwa mwekezaji mdogo, bei ya leo si kigezo cha kutosha. Toka mbegu hadi kidonge hupita zaidi ya mwaka, na soko halisubiri. Kabla ya kutoa fedha, aulize mambo mawili: mnunuzi amesaini mkataba wa bei gani, na majani yamepimwa yakakutwa na kiini kiasi gani. Asipopata jibu, fedha zibaki benki.