Jina la Biashara Nalo ni Mali

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia katika somo la biashara tunapofunzwa kuweka hesabu, lakini kwa maoni yangu inafaa zaidi kwa mali isiyoshikika kwa mkono. Duka lina kufuli na ng'ombe ana zizi. Je, jina la biashara, mchoro ulio kwenye pakiti, ufundi wa kutengeneza kitu na siri ya mapishi vitafungiwa wapi? Wataalamu huviita mali ya akili. Daftari la sehemu kubwa ya mali hiyo hapa Kenya linawekwa na taasisi iitwayo KIPI, huko South C jijini Nairobi, iliyoanza kazi mwaka wa 2002.

Watu wengi hudhani mambo haya ni ya matajiri. Si kweli hata kidogo. Mnamo mwaka wa 2007 Wakenya walishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili huko kwao neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Yaani kikoi, nguo ya Mswahili wa pwani tangu zama za mababu! Lau ombi lile lingekubaliwa, mfumaji wa Kenya angepata taabu kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake halisi. Mawakili na watetezi wa biashara ya haki walipinga, na mwaka wa 2008 ombi likaanguka. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi: neno ambalo ni jina la bidhaa haliwezi kuwa la mtu mmoja. Ni sawa na mtu kusajili neno "chapati" halafu awazuie wengine wote.

Wengine watauliza, na "Hakuna Matata" je? Kampuni ya Disney ilisajili maneno hayo Marekani mwaka wa 2003, kwa ajili ya fulana. Mwaka wa 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi kulalamika, na mimi nadhani walikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo tusipotoshane. Usajili huo haumkatazi mtu kutamka maneno hayo wala kuyaimba. Alama ya biashara huhusu aina za bidhaa zilizotajwa tu, tena ndani ya nchi iliposajiliwa tu. Ukisajili Kenya, umejikinga Kenya; Uganda ni safari nyingine.

Sasa nitoe mfano wa karibu. Mamangu huuza unga wa uji wa wimbi, mtama na muhogo. Ameubuni jina na kuweka picha ya kibuyu kwenye pakiti. Mwaka jana tukaona pakiti nyingine sokoni, kibuyu ni kile kile, jina ni lile lile isipokuwa herufi moja, na unga wenyewe una mchanga. Basi wateja wakaja kumlaumu yeye, eti siku hizi amekuwa mlaghai. Cheti cha biashara anacho, amekitundika ukutani. Lakini cheti kile kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye pakiti. Hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wengi wanapoumia. Kweli, hata asiyesajili alama anaweza kwenda kortini kumshtaki mtu anayeuza bidhaa kana kwamba ni zake, ila itambidi athibitishe kwamba umma unalijua jina hilo kuwa lake. Na wakili hali uji, anataka pesa.

Kusajili alama si uganga. Kwanza KIPI hutafuta kama kuna aliyekutangulia. Kisha unajaza fomu na kutaja kundi la bidhaa zako, kwani yako makundi 45, na unga umo katika la 30. Ombi likipita hutangazwa hadharani, na kwa muda wa siku 60 yeyote anaweza kulipinga. Asipotokea mtu, alama ni yako kwa miaka 10, nawe waweza kuendelea kuihuisha daima dumu. Jina la kusifu tu kama "Unga Bora" aghalabu hukataliwa. Halafu usiisajili na kuilaza, maana alama isiyotumika kwa miaka mitano mfululizo yaweza kuondolewa.

Uvumbuzi nao hulindwa kwa hataza, ambayo hudumu miaka 20. Sharti ni kwamba kitu kiwe kipya. Hili latuhusu sisi wanafunzi tunaopeleka mitambo yetu kwenye kongamano la sayansi, kwa maana ukishaonyesha watu, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 tu ya kuomba. Tena hataza hukulazimu ueleze wazi kitu chako kinavyofanya kazi. Ndiyo maana kampuni ya Coca-Cola, ambayo kinywaji chake kilianza kuuzwa mwaka wa 1886, ilichagua kuificha fomyula badala ya kuiombea hataza. Hataza ingekwisha kitambo na kila mtu angesoma. Siri haina mwisho, bora wafanyakazi wasiropoke.

Lakini mimi sikubaliani na wanaosema kila kitu kifungwe. Tazama lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la Thailand. Halikufungiwa hataza. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo waliliiga, wengine wakawaiga wao, bei ikashuka, makaa yakaokolewa, na jiko likavuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Sudan. Uigaji ule ulimfaa mwananchi. Shida ni kwamba baadhi ya mafundi waliliiga vibaya, udongo ukawa unapasuka baada ya muda mfupi, na mnunuzi hakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha ni lipi la fundi hodari na ni lipi la mbabaishaji.