Mikongo miwili, hatari moja

KUKATIKA kwa mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, Mei 12, 2024, kulizifunza idara za Tehama za kampuni nyingi nchini Tanzania kwamba kuwa na watoa huduma wawili wa intaneti si sawa na kuwa na akiba.

Watoa huduma wenye majina tofauti huweza kutegemea mkongo mmoja, au mikongo inayopita sehemu moja ya bahari. Yote miwili ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ilhali Seacom ilikwishakatika Bahari ya Shamu Februari mwaka huohuo.

Kabla ya mkataba kutiwa saini, basi, njia ya mawasiliano yafaa iulizwe mapema kuliko bei. Na seva ya ofisini, inayokejeliwa kuwa ya kizamani, huendelea kutunza hesabu za duka mawasiliano ya ng'ambo yanapokatika.