USHAHIDI WETU NDIO UNAOTENGENEZA SHERIA



Sheria haishuki kutoka mbinguni. Huandikwa na watu, na watu hao huandika yale waliyoyasikia. Asiyefika kusema, wengine humsemea. Leo tunaeleza jinsi wenzetu wa Kenya walivyoibadili sheria ya ugonjwa wa akili, maana jambo hili linatuhusu sisi wa mashamba na viwanda vya kahawa, tangu hapa Gishubi na Gitega mpaka Muyinga.

Linatuhusu kwa nini? Tulikuwa na mwenzetu, mbeba magunia katika kiwanda kimoja, aliyeugua akili baada ya kufiwa. Alikosa kazini siku tisa. Angevunjika mguu, angeulizwa karatasi ya daktari. Kwa kuwa ilikuwa akili, hakuulizwa kitu. Jina lake lilifutwa katika daftari na watoto wake wakaacha shule. Sendika ilipokwenda kumtetea, tuliulizwa: ushahidi wenu uko wapi? Hatukuwa na hata ukurasa mmoja.

Sasa tutazame Kenya. Walikuwa na sheria ya mwaka 1989. Mwaka 2010 walipata Katiba mpya inayompa kila mtu haki ya afya, na inayolitaka Bunge liwashirikishe wananchi linapotunga sheria. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikagua huduma za wagonjwa wa akili na kutoa ripoti: fedha ni kidogo, wagonjwa wametengwa, na sheria hailingani tena na haki zao. Huo ukawa msingi. Mwaka 2018 Seneta Sylvia Kasanga akapeleka mswada wa kuirekebisha sheria ile.

Disemba 2019 serikali ikaunda kamati maalum. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili. Kamati iliita mikutano ya hadhara ili watu waseme kwa vinywa vyao. Ilipokea maoni ya maandishi. Ilisoma ripoti na hesabu zilizokwisha kukusanywa. Njia hizi tatu zinasaidiana. Neno la mgonjwa na jamaa zake huonyesha maumivu yalivyo. Maandishi hubaki hata msemaji akiondoka. Na hesabu humnyamazisha yule anayesema kwamba wagonjwa ni wachache.

Ripoti ilitolewa Julai 2020. Ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 10 ana ugonjwa wa akili wa kawaida, na kwamba kati ya wagonjwa wanaofika kutibiwa na kurudi nyumbani ni 1 kati ya 4. Ikashauri ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa.

Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi ule mswada. Sheria mpya inamtambua mgonjwa kuwa mwenye haki: aulizwe ridhaa yake kabla ya kutibiwa, asibaguliwe, na serikali za kaunti zitoe huduma karibu na wananchi.

Je, kazi iliisha? Haikuisha. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kiliendelea kumhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, badala ya mgonjwa wa kusaidiwa. Tume ile ile ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili wakaenda mahakamani. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tangu ukaguzi wa 2011 hadi hukumu hiyo ni miaka 14. Wenye haraka wangekata tamaa njiani.

Na sisi Burundi? Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na mkataba huo unawahusu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Hospitali ya Kamenge, Bujumbura, inatibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1981. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Kinachokosekana ni sauti ya mahali pa kazi.

Tunaomba kila kamati ya wafanyakazi ifungue daftari. Andikeni tarehe, aina ya kazi, siku alizokosa mgonjwa, na hatua aliyochukua mwajiri. Wekeni nakala ya kila karatasi ya hospitali. Waulizeni jamaa, muuguzi wa kituo cha afya na Bashingantahe wa mlimani. Msiwasahau vibarua wala akina mama wanaochagua kahawa, maana wao ndio huondolewa kwanza, tena kimya kimya. Lakini angalieni: msiandike habari za mtu bila ridhaa yake, na jina lake lisitoke nje ya kamati. Ugonjwa si aibu, ila kuutangaza ugonjwa wa mwenzako ni kumwumiza mara ya pili.

Siku ambayo kamati ya kutunga au kurekebisha sheria itaketi, tusiende na malalamiko matupu. Twende na daftari mkononi.

Umoja ni nguvu!