Diski ilivyoing'oa rimu Tour de France, Froome akiilalamikia

UBISHI wa Simba na Yanga haujaisha na wala hautaisha leo. Lakini kwenye mbio za baiskeli za kulipwa kulikuwa na ubishi wa aina hiyohiyo, watu wakagawanyika pande mbili kwa miaka kadhaa, na wenyewe umeshapata mshindi. Ni ubishi wa breki.

Upande mmoja zipo breki za rimu, upande wa pili breki za diski. Na mmoja wa mastaa wakubwa waliotilia shaka upande ulioshinda ni mzaliwa wa hapo jirani tu, Nairobi. Ni Chris Froome, bingwa mara nne wa Tour de France, aliyenolewa na Mkenya David Kinjah kule Kikuyu kabla dunia haijamjua.

Ipo hivi. Breki ya rimu ndiyo ile anayoijua kila aliyekulia Mbagala, Tandika au Mwananyamala. Unabana mkono, waya unavutwa, raba mbili zinabana rimu karibu kabisa na tairi. Raba ikiisha, fundi wa chini ya mwembe anakuwekea nyingine, anakaza nati, unaondoka.

Diski ni kama ile iliyoko gurudumu la mbele la baadhi ya bodaboda. Sahani nyembamba ya chuma inafungwa katikati ya gurudumu. Kwa baiskeli za mashindano ya barabarani, sahani hiyo huwa na kipenyo cha milimita 140 au 160. Ukibana mkono, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni zinasukuma pedi, pedi zinaibana sahani.

Faida yake kubwa inaonekana kwenye mvua. Mastaa wanatumia rimu za kaboni, na rimu hizo zikilowa, breki ya raba inachelewa kushika. Unabana, baiskeli kwanza inaendelea na safari. Aliyewahi kushuka na baiskeli Barabara ya Kilwa wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna na suala la joto. Kwenye mteremko mrefu wa milimani, raba zinapobana rimu muda mrefu, joto linajaa palepale tairi ilipokaa, na tairi inaweza kupasuka. Diski inalipeleka joto mbali na tairi. Pia inaruhusu tairi pana zaidi, kwa sababu hakuna tena breki inayoizunguka tairi kwa juu.

DAMU PARIS-ROUBAIX

Pamoja na faida zote hizo, diski haikupokewa kwa shangwe. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) liliruhusu majaribio mwaka 2015, yakaendelea 2016. Aprili mwaka huo, kwenye mbio za Paris-Roubaix, Mhispania Francisco Ventoso alichanika vibaya mguu. Akadai kilichomkata ni diski ya baiskeli ya mwenzake.

Wapo waliombishia, lakini majaribio yakasimamishwa. Yaliporudi, kingo za sahani zilitakiwa ziwe za mviringo ili zisikate.

Julai 2017, Mjerumani Marcel Kittel akawa wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France kwa baiskeli ya diski. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1, 2018, UCI ikazihalalisha rasmi.

Ukidhani baada ya hapo rimu ilikufa siku hiyohiyo, utakuwa umekosea. Geraint Thomas alibeba Tour ya 2018 na breki za rimu. Egan Bernal akafanya hivyo 2019. Tadej Pogačar naye alipobeba taji lake la kwanza mwaka 2020, alikuwa kwenye rimu. Yaani miaka mitatu mfululizo diski ilikuwa halali, lakini kombe likaenda kwa rimu.

FROOME NA KELELE ZA DISKI

Mataji yote manne ya Froome, ya 2013, 2015, 2016 na 2017, yalipatikana kwa rimu akiwa Team Sky. Mwaka 2021 akahamia Israel Start-Up Nation, huko akakuta baiskeli za diski.

Februari mwaka huo akarekodi video na kusema wazi kwamba bado hajashawishika kwa asilimia 100. Alikubali kwamba diski inasimamisha vizuri, hata kwenye mvua. Tatizo lake lilikuwa kwingine. Pedi zinasugua sahani hata kama hujabana, pistoni hazisukumi sawasawa kila mara, na kwenye mteremko mrefu sahani inapata moto na kupinda.

Hayo ni maneno ambayo fundi yeyote wa Temeke angeyaelewa. Froome hakubisha kwamba diski ina nguvu. Hoja yake ilikuwa matunzo.

Lakini soko halikumsubiri. Viwanda vilishaamua baiskeli zao za juu kabisa zitengenezwe kwa diski pekee, na mwendeshaji wa kulipwa hachagui, anapanda anachopewa na mdhamini, kama mchezaji asivyochagua nembo ya kifuani kwenye jezi. Hata Ineos, timu iliyokuwa ikiitwa Team Sky, iliing'ang'ania rimu hadi msimu wa 2021, kisha ikasalimu amri.

KIGALI ILIMALIZA UBISHI

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za barabarani za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Pogačar yuleyule wa rimu ya 2020 alishinda, safari hii akiwa na diski.

Aliyemaliza wa pili, Remco Evenepoel, alibadilisha baiskeli mara mbili baada ya kiti chake kuleta shida. Hapo ndipo penye somo. Staa wa Ulaya kifaa kikimzingua hakai kukitengeneza, gari la timu linakuja nyuma na baiskeli nyingine juu ya paa.

Kijana wa Mbagala anayeota kwenda Tour du Rwanda hana gari hilo. Akipata baiskeli ya kisasa, itakuja na diski apende asipende. Atahitaji mtu anayejua kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, kunyoosha sahani iliyopinda na kupata pedi zinazoingiliana na breki yake. Spana na raba za dukani hazitamsaidia.

Kwamba Mwafrika anaweza, hilo halina mjadala tena. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent-Wevelgem mwaka 2022, na 2024 akabeba hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani.

Kwa anayeendesha kwenda kwa Mkapa au Chamazi kuangalia mechi, rimu bado inatosha, muhimu raba zisiwe zimekwisha. Kwa anayetaka kushindana, ubishi wa diski au rimu umepitwa na wakati. Kinachotakiwa ni mafundi wa diski, na mitaa ya Dar ianze kuwaandaa sasa.