Tovuti ya Duka la Dawa: Dirisha Linalofunguliwa Usiku

Saa tatu usiku imepita, mtoto anachemka homa, na dawa ya kuishusha iliyokuwa kabatini imekwisha tangu wiki iliyopita. Mama anachukua simu na kuandika kwa kidole gumba: duka la dawa lililo wazi sasa. Linatokea jina la duka analolijua, lile la karibu na kituo cha daladala. Anabonyeza. Skrini inabaki nyeupe kwa muda, kisha inajaa picha ya daktari wa kigeni anayetabasamu, kisha maneno ya ukaribisho, kisha historia ya biashara tangu kuanzishwa kwake. Saa za kazi hazionekani. Namba ya simu iko chini kabisa ya ukurasa, imo ndani ya picha na haibonyezeki. Kabla hajaifikia, bando limekwisha.

Kwa hesabu ya mwenye duka, duka hilo lina tovuti. Kwa hesabu ya mama huyo, halina.

Biashara ndogo ya viatu au mapazia ikiwa na tovuti mbovu hupoteza mteja, na mteja huyo hupata viatu kwingine. Duka la dawa, maabara ndogo au zahanati ya mtaani haina uhuru huo. Maduka ya Dawa Muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenezwa katika mikoa mingine ya Tanzania, kwa sababu ilionekana wazi kwamba kwa familia nyingi zilizo mbali na famasi, kaunta ya duka ndiyo mlango wa kwanza wa tiba. Siku hizi mlango huo hubishwa kwanza kwa simu. Kile ambacho duka linakisema mtandaoni kimekuwa sehemu ya huduma yenyewe, sawa na mizani, friji ya dawa na daftari la mauzo.

Mwaka 1997 John Morkes na Jakob Nielsen walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu namna watu wanavyosoma kurasa za mtandaoni. Asilimia 79 ya waliopimwa walipitia kila ukurasa mpya kwa kurusha macho tu. Asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Hao walikuwa watu waliotulia mbele ya kompyuta. Mwenye mtoto mgonjwa mapajani hurusha macho kwa kasi zaidi, na humsamehe mwandishi kidogo zaidi. Kwa hiyo sehemu ya ukurasa inayoonekana kabla ya kusogeza kidole ndiyo yenye thamani kuliko zote, na inatosha kubeba mambo manne: jina la duka, kama liko wazi, lilipo, na namba ya simu inayopigika kwa kubonyezwa mara moja. Salamu ndefu ya ukaribisho inaweza kushuka chini. Ni kweli kwamba adabu ya Kiswahili hutaka mgeni akaribishwe, lakini mwenyeji mwema humpa mgeni kiti kwanza, hotuba baadaye.

Suala la saa linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Violezo vingi vya tovuti vimetengenezwa ng'ambo, na nafasi yake ya saa za kazi huandikwa 8:00 hadi 22:00. Msomaji aliyezoea kuhesabu saa tangu macheo anaweza kuisoma 8:00 kuwa saa nane, na asijue ni ya mchana au ya usiku. Hiyo 22:00 hana pa kuiweka kabisa. Njia salama ni kuandika kama watu wanavyosema: tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 4 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Neno moja, asubuhi au usiku, huondoa mashaka yote. Kosa la upande wa pili lipo pia. Orodha ya biashara ya Google, ambayo mwenye duka anaweza kujisajili humo bila malipo, hutaka saa kwa mtindo wa kimataifa. Akijaza 2:00 hadi 4:00 kwa kudhani anaandika asubuhi hadi usiku, ramani inaweza kutangaza kwamba duka hufunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa kumi alfajiri. Anayeongozwa na ramani hiyo atakuta kufuli mlangoni na paka barazani.

Halafu kuna sikukuu. Idi hutegemea mwandamo wa mwezi, na tangazo lake huja usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ukurasa ambao hauwezi kubadilishwa usiku huohuo, kwa simu, na mtu aliyeko dukani, utasema uongo kesho yake asubuhi. Hili ni jambo la kumuuliza fundi wa tovuti kabla ya kumlipa hata shilingi moja: nani ataweza kubadilisha saa za kazi, na kwa hatua ngapi? Fundi akijibu kwamba atapigiwa simu yeye, bado kazi haijafanyika.

Mahali nako kuelezwe kwa lugha ya njia. Ramani ni msaada mkubwa, lakini haifunguki kwenye kila simu wala kwa kila bando. Sentensi inayosema duka liko mkabala na lango la shule ya msingi, nyumba ya tatu kutoka kituo cha bodaboda, humfikisha mgeni hata simu ikizimika njiani. Hapohapo itajwe bima zinazopokelewa na zisizopokelewa, ili mwanachama asipande daladala mbili kuja kuambiwa kadi yake haifai.

Tovuti ya huduma ya afya ina wajibu mmoja ambao tovuti ya mapazia haina: kumwambia baadhi ya wateja wasije. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea sana au kupoteza fahamu, ana dalili za hatari na anapaswa kupelekwa kituo cha afya au hospitali mara moja. Mistari miwili yenye maneno hayo, juu ya ukurasa, pamoja na jina la kituo cha karibu kinachofanya kazi usiku, ina faida kuliko kurasa kumi za makala zilizonakiliwa kutoka kwingine. Muuzaji mzuri wa dawa husema hivyohivyo akiwa kaunta. Hakuna sababu tovuti yake inyamaze.

Uzito wa ukurasa ni jambo la hesabu. Picha iliyopigwa kwa simujanja ya kawaida yaweza kufika megabaiti nne. Picha sita za namna hiyo ni megabaiti 24, na kwenye mtandao unaopitisha megabiti moja kwa sekunde zitachukua sekunde 192, zaidi ya dakika tatu. Picha hizohizo zikipunguzwa ukubwa ili ukurasa mzima usizidi kilobaiti 500, mtandao uleule utaufikisha kwa sekunde nne hivi. Duka ni lilelile na picha ni zilezile, na kwenye kioo cha simu jicho halitaona tofauti. Tovuti ya kwanza duniani, iliyoandikwa na Tim Berners-Lee huko CERN, ilikuwa na maneno na viungo peke yake. Hakuna anayedai turudi huko, ila picha moja ya kweli ya uso wa duka, yenye rangi ya mlango ambayo mgeni ataitambua barabarani, inashinda picha zote za madaktari wa kununuliwa ambao hawajapata kufika Morogoro. Maandishi nayo yawe meusi au ya rangi iliyokoza juu ya weupe. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, hutaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya weupe kinaweza kupendeza machoni pa msanifu kijana, lakini bibi mwenye mtoto wa jicho hataona kitu.

Wapo wanaopenda kuorodhesha dawa zote na kuweka kitufe cha kununua kando ya kila jina, kama duka la nguo. Hapa mwenye biashara asimame kidogo. Nchini Tanzania matangazo ya dawa kwa umma husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na dawa za cheti hazikuwekwa sokoni ili mtu ajichagulie kama viazi. Antibiotiki iliyopangwa na bei yake na kitufe cha kijani inamfundisha msomaji kwamba cheti cha daktari ni hiari, wakati usugu wa vimelea dhidi ya dawa unalishwa na mazoea hayohayo. Tovuti inaweza kueleza aina za huduma, kutaja kwamba dawa fulani huhitaji cheti, na kumwalika mteja apige simu. Imesema vya kutosha.

Sehemu inayotisha zaidi, na inayozungumzwa kidogo zaidi, ni ile fomu ndogo yenye maneno "Tuandikie tatizo lako". Fundi huiweka kwa sababu kiolezo kilikuja nayo. Mteja huandika jina lake, namba yake, na kwamba anahitaji kipimo cha ujauzito au ana kidonda sehemu za siri. Ujumbe huo unakwenda wapi? Mara nyingi huangukia kwenye barua pepe ya duka, ambayo nywila yake inajulikana na wauzaji watatu na mmoja aliyeacha kazi mwaka jana. Katika mji mdogo, ambako muuzaji na mteja wanasali pamoja au watoto wao wanasoma darasa moja, siri hiyo ikitoka haina namna ya kurudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari, inayoonyesha kwamba tovuti inatumia HTTPS, ni ya lazima, na leo haina gharama kubwa: taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti vyake bure. Lakini kufuli hilo hulinda ujumbe ukiwa njiani tu. Ukishafika na kusomwa na macho yasiyohusika, cheti hakina msaada. Kwa duka dogo, uamuzi wa busara ni kutokuweka fomu kabisa. Kisichokusanywa hakiibiwi, na mteja mwenye jambo la siri atapiga simu na kuomba kuzungumza na mtaalamu.

Umiliki wa jina la tovuti huja kujulikana umuhimu wake pale unapopotea. Majina yanayoishia na .co.tz yako chini ya kikoa cha taifa kinachosimamiwa na TCRA, na hulipiwa kila mwaka. Mara nyingi fundi hulisajili jina kwa anwani yake mwenyewe, kwa nia njema, ili kumwondolea mwenye duka usumbufu. Fundi akihama mji au akibadilisha barua pepe, onyo la malipo linamwendea mtu asiyekuwepo. Jina linaisha muda, tovuti inazimika, na baada ya kipindi cha kusubiri mtu yeyote anaweza kulichukua. Jina la duka la dawa lenye sifa nzuri mtaani ni mali kwa walaghai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Anayetaka kuuza bidhaa hizo angependa sana kusimama chini ya jina ambalo watu wameliamini kwa miaka. Jina lisajiliwe kwa mwenye biashara, kwa barua pepe yake, na risiti ikae pamoja na leseni. Namba ya leseni yenyewe, pamoja na sifa ya kitaaluma ya anayetoa dawa, iwekwe ukurasani mahali panapoonekana, ili mwenye shaka apate pa kuulizia.

Kabla ya tovuti kutangazwa, ipimwe na watu. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za ukurasa. Mama ntilie wa jirani, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, kijana wa chuo na mteja mmoja wa zamani wapewe simu zao wenyewe, waulizwe kama duka liko wazi Jumapili saa tisa mchana, kisha wanaotazama wanyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwenye duka atatamani kunyoosha kidole na kusema bonyeza hapo. Lakini usiku wa homa hatakuwepo kunyoosha kidole.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ndogo, ila haina mwisho. Chini ya ukurasa panahitajika mstari mmoja unaotaja tarehe ambayo saa na namba zilihakikiwa mara ya mwisho. Kila Jumatatu muuzaji wa zamu, kabla ya kufungua kabati la dawa, hufungua ukurasa huo kwenye simu yake, husoma saa za kazi kwa sauti, kisha hubonyeza namba. Simu ya kaunta ikilia, anaikata, anabadilisha tarehe, na kumwita mteja wa kwanza.