Uchumba wa Mtandaoni Usio na Mshenga

Kwetu huku Katavi uchumba ulikuwa na mashahidi wengi kabla haujafika kanisani. Mshenga alitumwa, shangazi aliuliza ukoo, na majirani wa jumuiya walijua kijana anaamka saa ngapi kwenda shamba. Leo binti wa Mpanda anaweza kuchumbiwa miezi sita na mtu aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na shahidi wao ni simu tu.

Sisemi kwamba kila anayetafuta mwenzi Facebook au WhatsApp ni tapeli. Wapo waliokutana huko na leo ni wanandoa wema. Shida ni kwamba mtandaoni mtu huchagua nini ukione: picha ya mwingine, kazi asiyo nayo, "sijaoa" isiyo ya kweli. Aristotle, tunayemsoma darasani, aliukubali msemo wa kale kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Jinsi mtu anavyomjibu mama ntilie, anavyokasirika basi likichelewa, anavyolipa madeni yake, hayo hayaonekani kwenye meseji.

Utapeli una mwendo wake. Mapenzi huanza kwa kasi, ahadi ya ndoa huja mapema, kisha unaombwa usimwambie mtu kwanza. Hapo ndipo shida zinapoanza kuletwa: nauli ya kuja kujitambulisha, mgonjwa hospitalini, zawadi iliyokwama bandarini ikisubiri ushuru. Pesa ya mpunga inaondoka kidogo kidogo, mwisho namba haipatikani. Wengine huomba picha za utupu, na picha hizo hugeuka deni lisilokwisha. Kwa maoni yangu, katika yote hayo la hatari zaidi ni lile "usimwambie mtu", maana linamwondoa shangazi, mshenga na padre kwa mpigo mmoja.

Kanisa linalijua jambo hili. Kanuni ya 1098 inasema ndoa ni batili ikiwa mtu alidanganywa kwa kusudi, ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Ndiyo maana kanuni ya 1067 inadai uchunguzi na matangazo, ambayo baadhi ya vijana huyaona ni usumbufu wa ofisi ya parokia. Tena kanuni ya 535 inaagiza ndoa iandikwe katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo cheti kipya kutoka parokia alikobatizwa mchumba kinapaswa kuonyesha kama aliwahi kufunga ndoa kanisani. Ndoa ya kimila hakitaionyesha. Kwa hiyo, lazima mtu atumwe hadi nyumbani kwao.

Na aliyekwisha kutapeliwa? Usifute meseji kwa aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu udanganyifu huo kuwa kosa la jinai, na namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Peleka polisi meseji zote pamoja na kumbukumbu za miamala. Ukiona vigumu kwenda peke yako, mwombe katekista au mwenyekiti wa jumuiya akusindikize.